Nipe Mji

Stima ilipotea tukiwa swali la saba.

Nilikuwa nimesimama mbele ya watoto 52 wa Gredi ya 5, katika shule moja ya mabati huku Langas, Eldoret. Nyuma yangu nilikuwa nimetundika shuka nyeupe kwa misumari miwili. Ni shuka ya mamangu, ile ya wageni, na hakujua imetoka nyumbani. Madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa magunia ili picha ionekane. Kundi la Simba lilikuwa limechagua "Michezo, 300", na swali likajitokeza kwenye shuka: ni Mkenya gani aliyeshinda mbio za mita 1500 kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968? Mkono wa kijana wa dawati la mbele ulikuwa tayari juu, na mwenzake anagonga kengele yetu, yaani kifuniko cha sufuria na kijiko. Hapo ndipo projekta ilipolia "tii", feni yake ikazama, na darasa likawa giza.

"Teacher, tokeni imeisha," mtu akasema gizani.

Haikuwa tokeni. Mtaa mzima ulikuwa umezimika. Hata redio ya kinyozi jirani, iliyotusumbua tangu asubuhi, ilikuwa imenyamaza. Projekta nilikuwa nimeikodi shilingi 1,000 kutoka kwa jamaa anayeonyesha mechi za Uingereza wikendi. Shule ilikuwa inanilipa 1,500 kwa siku. Fanya hesabu. Nilikuwa na mia tano yangu, watoto 52 gizani, na somo ambalo lote lilikuwa ndani ya flashi.

Kabla sijakwambia kilichofuata, wacha nirudi nyuma kidogo.

*

Kuna saiba moja mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, dakika mbili kutoka Uganda Road. Nilianza kushinda pale mwaka 2022 kwa sababu intaneti ilikuwa shilingi moja kwa dakika na mwenye saiba hakuwa mtu wa maswali. Niliandika chochote kilicholipa: makala za kampuni za magodoro, wasifu za kuombea kazi, hotuba za harusi, hata barua moja ya kumwomba mke arudi nyumbani. (Alirudi. Mteja alinitumia mia mbili zaidi.)

Ijumaa jioni walimu walikuwa wanajaa. Kama una mdogo wako shuleni unajua hii hadithi. Mtaala wa CBC umeweka ujuzi wa kidijitali kati ya umilisi saba wa kimsingi, na mwalimu aliyezoea chaki tangu enzi za KCPE anatakiwa aonyeshe kwamba darasa lake liko kwenye karne hii. Basi wanakuja na flashi shingoni kama rozari, wanauliza nani anajua "hizi mambo".

Mmoja wao alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, sweta ya zambarau, miwani imefungwa kwa uzi. "Kijana wangu, wewe unajua slaidi?" Nikasema najua. Afisa wa elimu alikuwa anakuja Jumatano. Nikamtengenezea slaidi 12 za mmeng'enyo wa chakula, nikampigia mia tano, akaenda.

Wiki iliyofuata alirudi. "Afisa alifurahi sana," alisema. "Watoto walilala."

Nilicheka, yeye hakucheka. Aliketi akanitazama kama mtu aliyeuziwa viatu vya mguu mmoja. Nikamwambia anipe siku mbili.

Nilichomtengenezea ni kitu rahisi ambacho pengine ushakiona. Unafungua PowerPoint, slaidi ya kwanza unaweka jedwali: mada tano juu, na chini ya kila mada namba 100, 200, 300, 400, 500. Kila namba unaiwekea kiungo kinachoruka hadi slaidi ya swali lake. Slaidi ya swali inakupeleka kwenye jibu, na jibu lina kitufe cha nyumba cha kukurudisha kwenye jedwali. Maswali 25, majibu 25, jedwali moja: slaidi 51. Namba ikishafunguliwa rangi yake inabadilika yenyewe, kwa hivyo hakuna kundi linaloweza kudai halikuona. Haihitaji intaneti, haihitaji programu nyingine ya ziada. Inahitaji tu uvumilivu wa kuunganisha viungo hivyo kimoja kimoja bila kukosea, maana ukikosea, mtoto anachagua "Hesabu, 400" anaulizwa mji mkuu wa Uganda.

Habari ikasambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu. Kufikia mwaka uliofuata nilikuwa na kazi, kama unaweza kuiita hivyo. Wengine walinunua faili, wengine walitaka nije niendeshe mchezo mwenyewe. Yule mama wa sweta ya zambarau ndiye aliyeniita Langas.

*

Sasa sehemu ambayo sipendi kusimulia. Mimi ni mtu niliyetoroka chuo kikuu kwa sababu ya slaidi.

Sawa, si slaidi peke yake. Chuo chenyewe sitakitaja, na hakiko Eldoret. Niliingia 2019 na mkopo wa HELB, godoro jipya, na mama aliyewaambia wauzaji wote wa viazi sokoni. Mwaka wa kwanza tulikuwa zaidi ya mia tatu kwenye ukumbi mmoja. Mhadhiri wa somo langu kuu alikuwa na faili moja yenye slaidi 140, maandishi madogo ya bluu juu ya kijani, na alikuwa anazisoma. Simaanishi alizitumia. Alizisoma, neno kwa neno, akiwa ametupa mgongo. Kwa muhula mzima sikumbuki akituuliza swali hata moja, ukiacha lile la "Mnanisikia huko nyuma?" Na hata hilo hakungoja jibu.

Kufikia wiki ya tano tuligundua kwamba kiongozi wa darasa ana faili hiyo, na ukumbi ukabaki watu thelathini. Mimi nilikuwa kati ya hao thelathini. Nilikuwa naandika kila kitu. Usiku nasoma nilichoandika, nasoma tena, napaka rangi ya njano, nahisi ninajua. Kisha mtihani unakuja na kichwa kinakuwa kama ghala la mahindi mwezi wa Juni.

Halafu alama zikaanza kupotea. Kama umesoma chuo Kenya sihitaji kukueleza. Unafanya mtihani, unasaini, matokeo yanatoka na kwenye nafasi yako kuna mstari mfupi tu. Nikaenda idarani, nikaambiwa nimwone mhadhiri. Mhadhiri akasema alishawasilisha. Ofisi ya mitihani ikasema irudi idarani. Somo moja likawa mawili, mawili yakawa manne. Karo nayo ikabaki nyuma, na bila karo hawakuruhusu kukaa kwenye mtihani uliofuata. Katikati ya mwaka wa tatu nilipanda matatu kurudi Eldoret na begi moja. Mama nilimwambia nimeahirisha masomo. Kwa wakati huo ilikuwa kweli. Kuahirisha kunaruhusiwa kwa muda fulani, na muda huo ukapita, nami sikumwambia umepita.

Kwa hivyo ilikuwa inanichekesha, na wakati mwingine inaniuma, kwamba chombo kilichonitoa darasani ndicho kilichokuwa kinanilisha. PowerPoint ilitoka mwaka 1987, kazi ya kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Forethought, na mwaka huohuo Microsoft wakaichukua kwa dola milioni 14. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa biashara wanaotaka kuuza wazo kwa mabosi wao. Mtu anayeuza hataki kukatizwa. Anataka msikilizaji afuate mshale hadi mwisho, atikise kichwa. Ukiiingiza darasani vile ilivyo, inakuja na tabia hiyo.

Michezo ya maswali ni ukoo mwingine. *Jeopardy!* ilianza kwenye runinga ya Marekani mwaka 1964, na lile jedwali la mada na namba ninalowauzia walimu limetoka huko. *Who Wants to Be a Millionaire?* ilianza Uingereza 1998. Wanorwe nao mwaka 2013 wakatoa Kahoot!, ambapo kila mwanafunzi anajibu kwa simu yake. Hiyo inafaa mahali ambapo kila mtoto ana simu na bando. Lakini mimi niliipata chemshabongo nyumbani kwetu, kwa jirani mwenye runinga. Mwaka 2007 kilianza kipindi kilichoitwa Celtel Africa Challenge, baadaye Zain Africa Challenge, cha vyuo vikuu vya nchi mbalimbali za Afrika. John Sibi-Okumu alikuwa anauliza maswali kwa Kiingereza chake kilichopigwa pasi, na wanafunzi wa chuo, watu kama sisi, wanabonyeza na kujibu. Nilikuwa mtoto. Niliamini chuo kikuu ni mahali ambapo mtu anakuuliza swali, kisha anakaa kimya akikutazama, akitaka kweli kujua kama unajua.

*

Tatizo la mchezo wangu sikuliona mimi. Aliliona mwenye sweta ya zambarau.

Ilikuwa mara yangu ya tatu pale Langas. Darasa lilikuwa moto. Watoto wanaruka, kengele ya sufuria inalia hadi mwalimu mkuu akachungulia. Nilitoka nikijiona nyota. Mwalimu alinisindikiza hadi lango, akanipa chai kwenye kikombe cha plastiki.

"Umehesabu waliojibu?" aliuliza.

Sikuwa nimehesabu.

"Wanne. Maswali ishirini na tano, watoto wanne. Wengine wamepiga makofi." Akapuliza chai. "Na yule msichana wa nyuma, wa sweta iliyotoboka kiwiko, yule anajua. Mimi nasahihisha vitabu vyake. Lakini wewe humngoji."

Nilijitetea. Nikasema mchezo ndivyo ulivyo, mwenye kasi ndiye mshindi. Eldoret hii, mji wa wanariadha, utamwambia nani kwamba kasi si kitu? Akasema, "Hata wanariadha, wengi wetu tunawajua wa mbio ndefu."

Nilienda saiba jioni hiyo nikiwa nimekasirika, nikaanza kutafuta, nia yangu ikiwa kuthibitisha amekosea. Badala yake nikakutana na kazi za mtafiti Mmarekani, Mary Budd Rowe, aliyesikiliza kanda nyingi zilizorekodiwa madarasani miaka ya sitini na sabini. Alikuwa anapima kitu kimoja tu: mwalimu akishauliza swali, anangoja kwa muda gani kabla ya kumtaja mtu mwingine, kurudia swali au kujijibu mwenyewe. Ilikuwa kama sekunde moja. Walimu walipofunzwa kungoja sekunde tatu au zaidi, mambo yalibadilika. Majibu yalikuwa marefu zaidi, "sijui" zikapungua, na watoto ambao walikuwa wakinyamaza wakaanza kusema.

Sekunde tatu. Jaribu kukaa kimya sekunde tatu mbele ya watoto 52 uone zilivyo ndefu.

Kitu cha pili nilichopata kilinifanya nifunge kompyuta nikatembee hadi daraja la Sosiani. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo. Wote walisoma kifungu. Kisha kundi moja likakisoma tena, na lingine likatakiwa kuandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojaribiwa ndio waliokuwa wamebakiza zaidi. Yaani kule kuchimba kichwani mwako, hata ukitoka na nusu, ndiko kunakokifanya kitu kikae. Kusoma tena kunakupa tu hisia kwamba unajua.

Nilikumbuka ile kalamu yangu ya njano. Sikuwa mjinga. Nilikuwa nasoma tena na tena kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza.

Lakini pia niliona kile mwalimu alichokuwa ananiambia. Kama anayechimba ndiye anayefaidika, basi kengele yangu ya sufuria ilikuwa inawafaidi wanne. Kijana wa mbele akishapaza sauti "Kipchoge Keino!", wale 48 wengine wameacha kufikiria. Hawana haja. Mimi nilikuwa nimetengeneza ukumbi uleule wa mia tatu, ila wangu ulikuwa na makofi.

*

Hivyo ndivyo nilivyosimama gizani siku ile stima ilipopotea. Nilikuwa bado sijabadilisha kitu. Nilikuwa nimejiambia nitatengeneza toleo jipya likizo ikifika.

Mwalimu aliinuka kutoka kiti chake cha nyuma. Hakuharakisha. Alitoa gunia la dirisha la kwanza, kisha la pili, na jua la saa nne likaingia na vumbi lake. Watoto wakakunja macho. Mimi nilianza kukunja waya za projekta nikiwaza nitamwambia nini jamaa wa mechi.

"Kitendawili!" mwalimu akaita.

"Tega!" Sauti 52 kwa pamoja. Nilishtuka.

Alianza na rahisi. Nyumba yangu haina mlango: yai. Kila niendapo ananifuata: kivuli. Kisha akasema wanaotega sasa ni wao, na kila mmoja atege cha kutunga mwenyewe. Cha kwenye kitabu hakitakubaliwa. Akaketi. Akanyamaza.

Ule ukimya ulikuwa mrefu mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Nilitaka kusaidia. Nilifungua mdomo, akanitazama juu ya miwani, nikaufunga. Kuku alipita mlangoni. Mtu akakohoa. Kijana wa mbele alikuwa ameinua mkono mara moja kwa mazoea, halafu akaushusha, maana hakuwa na kitu. Kasi haikusaidii kutunga.

Kisha kutoka nyuma, sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwa siku zangu zote pale: "Kitendawili."

"Tega!"

"Ana jicho moja. Akilifumbua, ukuta unaongea."

Darasa likachemka. Tochi! Hapana, alisema. Runinga! Hapana, hiyo haihitaji ukuta. Jua! Hapana. Simu! Dirisha! Mtu akasema Mungu, na mwalimu akamwambia atulie. Kila jibu lilipotolewa msichana alilifikiria kwanza, kama mwenye duka anayekagua noti, ndipo akatikisa kichwa. Na kila mtu alikuwa anajaribu. Kila mtu. Hata wale wa makofi.

"Teacher wa kompyuta, tusaidie," mwalimu alisema.

Nilifikiria kwa dhati. Nikasema, "Ni... mwezi?"

Walicheka hadi mmoja akaanguka kwenye benchi. Msichana hakucheka. "Nipe mji," aliniambia.

Kama umelelewa bila vitendawili, sheria ni hii: ukishindwa, unampa mtegaji mji. Mji si wako, huna hati yake, lakini unampa. Naye ana haki ya kukataa mpaka apewe anaoutaka.

"Nimekupa Turbo," nikasema.

"Sitaki."

"Kitale?"

"Sitaki."

"Basi Kisumu. Kuna ziwa."

Alifikiria ziwa. "Sitaki."

"Mpe Eldoret!" watoto wakapaza sauti. "Sasa ni jiji!" Na kweli, kufikia wakati huo tulikuwa jiji. Tulipewa hati Agosti 2024, la tano nchini, sisi ambao wazee bado wanatuita Sisibo kwa sababu ya shamba namba 64. Nikampa Eldoret yote, kuanzia Maili Nne hadi Kapsoya.

"Eldoret nimekubali," alisema. Akasimama vizuri, kiwiko chake kikitokeza kwenye ile sweta. "Nilienda Eldoret, watu wakanipokea na mursik, wakaniuliza jibu. Nikawaambia jibu ni projekta."

Nilikuwa nimeishika mkononi.

*

Sitakudanganya kwamba siku hiyo ilibadilisha elimu ya Kenya. Nchi hii imeshajaribu kuibadilisha kwa mashine. Mwaka 2013 tuliahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Mwaka 2016 mpango ukaanza kwa tableti, na Chuo Kikuu cha Moi, hapa kwetu, kikiwa na kampuni ya Ureno ya JP Sá Couto, kilikuwa kati ya waliopewa kazi ya kuzileta. Nimefanya kazi katika shule moja ya umma nje ya mji ambako mwalimu alinifungulia kabati ya chuma kunionyesha zilipo. Zilikuwa zimepangwa vizuri sana. Betri zilikuwa zimekufa. Kwa hivyo sina hamu ya kukuambia kwamba slaidi zangu ni wokovu.

Ninachoweza kukuambia ni nilichobadilisha. Kifuniko cha sufuria nilikirudisha jikoni. Sasa kila mtoto ana kibao chake: karatasi nyeupe ndani ya mfuko wa plastiki wa faili, kalamu ya ubao mweupe, na kipande cha soksi kuukuu cha kufutia. Gharama yake ni ndogo kuliko siku moja ya projekta. Swali likitokea, hakuna kuinua mkono. Nahesabu kumi kimoyomoyo, kila mtu anaandika, kisha nasema "Onyesha!" na vibao 52 vinapanda kwa pamoja. Kwa mara ya kwanza naona darasa zima linafikiria nini. Naona kwamba watoto 30 wanaamini popo ni ndege. Hapo naacha mchezo, tunazungumza popo. Pointi zinahesabiwa kwa kundi zima, kwa hivyo mwenye kasi ana sababu ya kumngoja mwenzake.

Mchezo bado una kasoro zake. Kuna mvulana aliyekimbia nyumbani kumwambia mamake "tumeshinda!" na alipoulizwa mmejifunza nini akasema "tumeshinda pointi elfu mbili." Kelele inaweza kufanana sana na kujifunza. Ndiyo maana siku hizi dakika kumi za mwisho nazima kila kitu, stima iwepo isiwepo, na watoto ndio wanaouliza. Ukitaka kujua kama mtoto ameelewa mmeng'enyo wa chakula, mwambie autegee kitendawili. Hawezi kuuficha mpaka awe anaujua.

Na lile la mji nimelibakiza. Wakikosa, wanatoa mji. Nimeshapewa Mombasa mara nyingi, na Dubai mara moja. Watoto wanakosea wakicheka, wanakosea tena, halafu wanajua. Mimi kwangu kukosea kulikuwa na bei nyingine, na nililipa kwa miaka miwili na nusu na godoro nililoliacha kule.

*

Jioni ya siku ile ya stima nilirudi nyumbani na shuka imekunjwa chini ya jaketi. Mama alikuwa mlangoni akimenya viazi vilivyobaki sokoni, kwenye mwanga wa mwisho, maana stima ilikuwa bado. Aliiona shuka kabla sijaketi. Mama anaona kila kitu.

"Hiyo imetoka wapi?"

Nikamweleza. Nikamweleza yote, projekta, magunia, msichana, Eldoret niliyoigawa. Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Akaniambia bibi yake alikuwa anakataa miji yote hadi apewe Nairobi, na hakuwahi kufika Nairobi hadi alipokufa.

Kisha akachukua kiazi kingine. "Na wewe," alisema, bila kuinua macho, "shule unarudi lini?"

Alikuwa ameniuliza swali hilo mara nyingi. Na kila mara nilikuwa na jibu la haraka: muhula ujao, Mama. Wakifungua mfumo, Mama. Nilikuwa bingwa wa kugonga kengele kabla swali halijaisha.

Safari hii sikujibu. Na yeye hakurudia swali, hakubadilisha mada. Alimenya kiazi chote. Ganda lilitoka moja refu, likaanguka kwenye beseni. Nilikuwa nahesabu bila kupenda: nane, tisa, kumi. Nilifika ishirini na kitu.

"Sirudi," nikasema. "Muda wa kuahirisha uliisha. Ni kitambo."

Aliosha kiazi, akakikata vipande vinne.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Sikuwa na la kusema, nikachukua kisu cha pili nikaketi kwenye mtungi tumenye pamoja. Giza lilikuwa limeshaingia stima iliporudi, na mtaa mzima ukapiga kelele ya furaha kama kawaida, "Uwiii!", hata wale wasio na kitu cha kuwasha. Redio za majirani zikaanza.

"Kwa hiyo wanakulipa elfu moja mia tano," Mama akasema, "na projekta ni elfu moja."

"Ndiyo."

"Ni hasara. Waambie elfu tatu. Na shuka yangu uifue."